Kabini ibaki safi: kinga ya maambukizi ndani ya gari la wagonjwa

Mwongozo huu ni wa watu wawili: wewe unayeshika usukani na wewe unayekaa ubavuni mwa machela. Gari lenu laweza kuwa ambulensi ya hospitali ya wilaya, la kampuni binafsi, au gari lako mwenyewe la biashara unalobebea wajawazito kama dereva wa jamii katika mfumo wa m-mama, ule unaopigiwa simu ya bure 115 nchini Tanzania. Vifaa mtatofautiana. Hatari ni ile ile.

Wodini kuna sinki, kuna dirisha kubwa, kuna kitanda kisichotikisika. Nyuma ya ambulensi mmebanana watu watatu au wanne, gari linaruka matuta, na maji ya kunawa ni yale tu mliyopakia. Tena mara nyingi hamjui mgonjwa anaumwa nini. Barua ya rufaa imeandikwa "homa kali, anatapika, amechoka sana", basi. Homa hiyo yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na yaweza kuwa jambo kubwa zaidi.

Tarehe 21 Machi 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wake wa kwanza wa Marburg, mkoani Kagera. Watu tisa walihesabiwa kuugua, sita wakafariki, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa waliougua. Miezi michache kabla, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, mlipuko wa Ebola ulikuwa umewaambukiza wahudumu wa afya 19, na saba kati yao wakafa. Januari 2025 Marburg ikarudi Kagera, safari hii wilayani Biharamulo. Wagonjwa wa mwanzo wa milipuko ya namna hii hupokelewa na watu ambao bado hawajajua wanashughulika na nini. Ndiyo maana kanuni ya kwanza haingoji majibu ya maabara: damu na majimaji ya mwili wa kila mgonjwa yahesabiwe kuwa yana maambukizi, awe mzee wa kijijini kwenu au mkuu wako wa kazi.

Gari lina pande mbili

Ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu, ningefundisha hili. Nyuma alipo mgonjwa ni upande mchafu. Kabini ya dereva ni upande safi. Kinachotoka nyuma hakiingii mbele bila kusafishwa, na mikono ndiyo inayovuka mpaka huo mara nyingi zaidi.

Tazama kinachotokea kwenye vituo vingi. Dereva anasaidia kuinua machela akiwa na glovu. Anafunga milango ya nyuma, anakimbilia kiti chake, anageuza ufunguo, anaingiza gia, anapokea simu na kujifuta jasho usoni, vyote kwa glovu zilezile. Baadaye glovu zinatupwa. Usukani, gia na simu hakuna anayevikumbuka, na saa nne asubuhi dereva anakula chapati yake kwenye kiti kilekile. Glovu zimemlinda kwa dakika tano, kisha zimempelekea uchafu mpaka mdomoni.

Dereva, fuata mpangilio huu:

1. Vaa glovu pale unapokwenda kumgusa mgonjwa, usizivae tangu kituoni.
2. Mkishamfunga mgonjwa mikanda, vua glovu na uzitie kwenye mfuko wa taka ulioning'inizwa karibu na mlango wa nyuma.
3. Funga milango. Vitasa vya nyuma ni vichafu siku zote.
4. Sugua mikono kwa kitakasa mikono chenye spiriti, sekunde 20 hadi 30, mpaka ikauke yenyewe. Usiipanguse kwenye suruali.
5. Ndipo ufungue mlango wako.
6. Mkifika, vaa glovu mpya kabla ya kufungua nyuma.

Muuguzi, wewe usishike simu wala redio ukiwa na glovu zenye kazi. Mawasiliano na hospitali mwachie dereva kabla hamjaondoka, au vua, takasa mikono, kisha piga.

Kabla ya kutoka kituoni

Kagueni pamoja, kila mwanzo wa zamu:

☐ Glovu za saizi ya kila mmoja wenu (glovu kubwa hukamata vibaya, ndogo huchanika)
☐ Barakoa za kawaida, na za N95 kwa wagonjwa wa kifua
☐ Aproni za plastiki na miwani ya kinga
☐ Vitakasa mikono viwili: kimoja nyuma, kimoja kabini
☐ Dumu la maji lenye koki, limefungwa lisianguke, na sabuni
☐ Boksi la kutupia sindano, halijafika robo tatu
☐ Mifuko ya taka: nyeusi kwa taka za kawaida, ya njano kwa zenye maambukizi
☐ Ndoo yenye mfuniko na mifuko ya kutapikia
☐ Mfuko wa vifaa vya kujifungulia, ambao haujafunguliwa
☐ Jiki au klorini ya unga, chombo cha kupimia, matambara safi

Sinki hamna, kwa hiyo dumu la maji si pambo. Kitakasa mikono hakifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye damu, matapishi au tope, na kwa mgonjwa wa kuharisha sabuni na maji ndiyo tegemeo. Kunawa vizuri huchukua sekunde 40 hadi 60.

Glovu zinavyodanganya

Glovu hulinda ngozi yako. Hazimlindi mgonjwa wala gari kama unazivaa kuanzia mwanzo wa safari hadi mwisho. Badilisha unapotoka kwenye kazi chafu kwenda kazi safi kwa mgonjwa huyohuyo: umesafisha matapishi, sasa unataka kuweka kanula, hizo si glovu za kuwekea kanula. Takasa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuweka dripu au kufungua jeraha, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumwacha mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, ikiwemo reli za machela. Ukivua glovu, mikono bado inahitaji kutakaswa, kwa sababu glovu hutoboka bila kuonekana na mikono huchafuka wakati wa kuzivua.

Makosa ninayoyaona sana:

- Kupaka kitakasa mikono juu ya glovu ili zitumike tena. Spiriti huzidhoofisha.
- Kuvaa jozi mbili au tatu "kwa usalama", kisha kutobadilisha hata moja.
- Kuweka sindano iliyotumika juu ya godoro la machela "kwa sekunde moja". Gari likipiga breki, itafutwe wapi?
- Kurudishia sindano kifuniko chake. Usirudishie kamwe. Boksi liwe karibu na mkono wako kabla hujachoma.

Na gari likiwa linakwenda, usimchome mtu sindano. Mwambie dereva asimame. Dakika mbili zinazopotea ni chache kuliko wiki nne za kumeza dawa kwa sababu ya kuchomwa.

Uvae nini kwa mgonjwa gani

Kuvaa kila kitu kwa kila mgonjwa humaliza vifaa na huchosha watu, mwisho wake wanaacha kuvaa kabisa. Pima kwa kuuliza: nini kinaweza kunirukia, na kutoka wapi?

- Mgonjwa asiyetoa majimaji, unampima presha tu: mikono iliyotakaswa inatosha.
- Damu, matapishi, kuharisha: glovu na aproni. Vikiruka au vikimwagika kwa nguvu, ongeza barakoa na miwani.
- Kikohozi cha muda mrefu, kukonda, kutokwa jasho usiku: fikiria kifua kikuu. Mgonjwa avae barakoa ya kawaida, ninyi vaeni N95.
- Homa na shingo kukakamaa: fikiria homa ya uti wa mgongo. Barakoa kwa mgonjwa na kwenu. Ikithibitishwa, ulizeni hospitali kuhusu dawa ya kinga kwa waliokaa naye karibu.
- Vipele vyenye majimaji, kama vya mpox: glovu, gauni la mikono mirefu, barakoa. Shuka lake usilikung'ute. Likunje kwa ndani.

N95 isiyobana usoni haina kazi. Ukishaivaa, ifunike kwa viganja na pumua nje kwa nguvu. Ukihisi hewa inapita pembeni ya pua au shavuni, rekebisha. Penye ndevu nene haibani, na hakuna namna ya kulizunguka hilo.

Hewa

Kwa kifua kikuu na surua, hewa mnayovuta ndiyo hatari yenyewe. Kama kuna dirisha kati ya kabini na nyuma, lifungeni. Dereva aweke feni ivute hewa ya nje, isizungushe ya ndani. Madirisha ya nyuma yafunguliwe, na kama kuna feni ya kutoa hewa nje, iwashwe kwa kasi ya juu. Lengo ni hewa iende kutoka mbele kuelekea nyuma. Kama gari halina kizuizi kati ya kabini na nyuma, dereva naye avae N95 safari nzima; akiwa alisaidia kumbeba mgonjwa, avue vingine vyote kabla ya kuingia kabini, abaki na barakoa hiyo tu.

Mvua ikinyesha watu hufunga kila kitu. Acheni angalau nafasi ya vidole vinne kwenye dirisha moja la kila upande.

Kusukuma hewa kwa mfuko, kunyonya makohozi na kumpa mgonjwa dawa ya mvuke hurusha matone madogo yanayoelea hewani. Ikiwezekana fanyeni hayo kabla ya kuondoka, milango ya nyuma ikiwa wazi.

Mama akijifungulia njiani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna safari inayomwaga damu na majimaji mengi kwa muda mfupi kama hii, na wanaolindwa ni watu wengi kwa mara moja: wewe, mama na mtoto ambaye hajapata hata dakika moja ya uhai. Uchafu unaoingia wakati huu huweza kumletea mama homa ya uzazi na mtoto pepopunda au maambukizi ya damu.

1. Dereva asimame mahali salama nje ya barabara, awashe taa za tahadhari. Usimzalishe mama gari likienda.
2. Ndugu aliyefuatana na mama akae upande wa kichwani. Wanaobaki washuke.
3. Muuguzi avae kwanza aproni, barakoa na miwani, kisha atakase mikono na kuvaa glovu ndefu zinazofika karibu na kiwiko. Chupa ya uzazi ikipasuka ghafla maji huruka mpaka usoni; wengi huvaa glovu tu na kusahau macho.
4. Tandika mpira wa plastiki chini ya mama, juu yake kitambaa safi cha kunyonya.
5. Fungua mfuko wa vifaa wakati huo, usiufungue kabla. Kitovu kibanwe kwa vibana vyake na kikatwe kwa wembe mpya au mkasi uliochemshwa na kufungwa. Usipake majivu, mafuta wala chochote ambacho hukuelekezwa.
6. Mtoto akaushwe kwa khanga safi na awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.
7. Kondo la nyuma litiwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Hospitali italikagua kama limetoka lote. Baada ya hapo familia iulizwe. Wapo wanaotaka kulizika wenyewe.

Khanga za mama zilizolowa damu msizitupe bila kumuuliza. Zitieni kwenye mfuko wa plastiki, ufungeni, na mwelezeni ndugu: zishikwe kwa glovu au mifuko ya plastiki mikononi, zisuuzwe damu, ziloweshwe nusu saa kwenye maji yenye klorini ya asilimia 0.05, zifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Rangi inaweza kupauka, waambieni mapema.

Dereva wa jamii, kama uko peke yako na mama na ndugu yake, kazi yako ni kusimama, kupiga tena 115 upate maelekezo, kuvaa glovu na kulinda usafi. Omba upewe mfuko wa vifaa uuweke garini.

Kusafisha gari

Mkishamkabidhi mgonjwa, acheni milango ya nyuma wazi wakati mnajaza karatasi. Kisha vaeni glovu nzito, aproni na buti. Kuna mahali mtu hupuliza klorini kwa bomba la dawa ya shambani na kuhesabu gari limesafishwa. Kupuliza hakuondoi uchafu, huacha sehemu nyingi kavu, na huumiza macho na mapafu ya anayepuliza. Kinachosafisha ni tambara lililolowa na mkono unaosugua.

1. Toa taka na boksi la sindano likijaa robo tatu. Toa shuka ukilikunja kwa ndani.
2. Damu au matapishi yaondolewe kwanza kwa karatasi au tambara la kutupa. Klorini ikikutana na damu nyingi huishiwa nguvu kabla haijaua kitu.
3. Osha kwa maji na sabuni, kuanzia juu kwenda chini, kuanzia upande wa kabini kuelekea mlango wa nyuma. Sakafu iwe ya mwisho.
4. Paka klorini ya asilimia 0.5. Sehemu ibaki imelowa dakika 10.
5. Vyuma vya machela vipanguse tena kwa maji matupu, klorini hula chuma. Kifaa cha presha, cha kupimia oksijeni na simu vipanguse kwa spiriti ya asilimia 70.
6. Maliza na kabini: usukani, gia, breki ya mkono, vitasa, mkanda. Tumia tambara jipya na glovu mpya.
7. Vua kwa mpangilio: glovu, takasa mikono, aproni, miwani, barakoa mwisho kwa kushika kamba zake, kisha nawa.

Sasa geuza godoro la machela uangalie mishono na pembe. Rexini ikipasuka hata kwa urefu wa kidole, damu hupenya na kukaa kwenye sponji, na hakuna klorini itakayoifikia. Godoro la namna hiyo halisafishiki. Kituo kikiwa na fedha ya kitu kimoja, kinunue godoro jipya kabla ya taa mpya za juu. Mikanda ya machela nayo hunyonya; ivuliwe, iloweshwe na ifuliwe ikichafuka, ndiyo maana inafaa kuwa na seti mbili.

> KISANDUKU: Kuchanganya klorini ya asilimia 0.5
>
> Jiki ya asilimia 3.5: kipimo 1 cha jiki, vipimo 6 vya maji.
> Jiki ya asilimia 5: kipimo 1 cha jiki, vipimo 9 vya maji.
> Klorini ya unga ya asilimia 70: gramu 7 kwa kila lita ya maji.
>
> Chupa yenye kiwango kingine: gawanya asilimia iliyoandikwa kwa 0.5, kisha toa 1. Jibu ni idadi ya vipimo vya maji.
>
> Changanya mpya kila siku, andika saa na tarehe kwenye ndoo. Usichanganye na dawa ya choo yenye tindikali, wala usiimwage juu ya mkojo mwingi: hutoa gesi inayodhuru mapafu. Usimpulizie mtu.

Mkishuku Marburg au Ebola

Kabla ya kumsogelea mgonjwa mwenye homa ya ghafla, ulizeni mkiwa umbali wa zaidi ya mita moja: ametoka wapi wiki tatu zilizopita? Amehudumia mgonjwa au kuosha maiti? Kuna waliokufa nyumbani kwa ugonjwa unaofanana? Anatokwa damu mahali popote?

Majibu yakiwatia shaka, simameni hapo. Huu si wakati wa ujasiri. Mgonjwa wa namna hii husafirishwa na timu iliyofundishwa, yenye mavazi kamili na mtu wa kusimamia uvuaji hatua kwa hatua, kwani watu wengi huambukizwa wakati wa kuvua. Pigeni simu kwa mganga mkuu wa wilaya au, kwa Tanzania, namba ya bure 199. Mtengeni mgonjwa kwa heshima, mpeni maji na mwelezeni yeye na ndugu zake kinachosubiriwa. Mtu aliyeachwa kimya hukimbia.

Kama mmegundua mkiwa tayari barabarani, msigeuze wala msipite kwenye kituo kingine. Piga simu hospitali mnakokwenda, ili wawapokee kwenye eneo la kutenga. Gari lisitumike tena mpaka lisafishwe na timu husika. Andikeni jina na simu ya kila aliyepanda, pamoja na ndugu aliyeshukia njiani. Kisha pimeni joto asubuhi na jioni kwa siku 21, kwa kuwa dalili huanza kati ya siku ya 2 na ya 21. Mtu asiye na dalili hajaanza kuambukiza, kwa hiyo msiogope kurudi kwa familia, ila homa ikianza kaa pembeni na upige simu.

Ukichomwa au ukirukiwa

1. Nawa kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikikamue, usikinyonye, usikimwagie jiki.
2. Jicho au mdomo: suuza kwa maji safi dakika 15.
3. Toa taarifa saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Andika saa, mgonjwa, aina ya sindano.
4. Upimwe VVU, na mgonjwa naye apimwe kwa ridhaa yake.
5. Dawa za kinga, zile zinazoitwa PEP, zianze ndani ya saa chache. Baada ya saa 72 hazianzishwi. Humezwa siku 28, kisha unarudi kupimwa.

Watu wengi wakichomwa huwaza VVU peke yake. Katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, bila dawa, takriban watatu huambukizwa. Kwa homa ya ini aina B, asiye na chanjo ana hatari ya kati ya 6 na 30 katika kila 100, na kirusi chake huishi kwenye damu iliyokauka kwa siku saba au zaidi. Chanjo yake ipo, dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Madereva husahaulika kwenye orodha za chanjo kwa kuwa hawahesabiwi kuwa wahudumu wa afya. Dereva, nenda kwa mganga mfawidhi wiki hii, uombe jina lako liingizwe. Wewe muuguzi, mkiwa wawili kwenye gari na mmoja tu kachanjwa, fuatana naye.